Sarafu ya dhahabu isiyopimwa daraja, tusilipe zaidi ya dhahabu yake

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana haya maneno ya sarafu za dhahabu yananikera sana na naona watu hapa Mombasa wanaitishwa bei za ajabu. Mtu anakuja na ile sarafu ya Mzee Jomo Kenyatta ya 1966, ya shilingi mia, ilotolewa kwa kutimiza kwake miaka 75, ama pauni ya dhahabu ya Kiingereza ya kale (sovereign), anakwambia hii ni adimu, haijapimwa daraja bado lakini ikipimwa tu itatoka juu, basi lipa saa hii kana kwamba ishatoka juu. Ah, ngoja kwanza. Kama ana hakika hivo mbona asiipeleke mwenyewe akachukua hiyo faida?

Kupima daraja ni kazi ya makampuni, yanayojulikana zaidi ni PCGS na NGC ya Marekani, yalianza 1986 na 1987, wanaangalia sarafu ni ya kweli ama feki, imechakaa vipi, wanaipa namba toka 1 mpaka 70 kisha wanaifungia kwa kasha gumu la plastiki. Namba ikiwa juu bei yaweza kuruka mbali sana na ya mwenzake wa mwaka huo huo. Lakini ilosuguliwa haipewi namba, wanaandika tu imesafishwa, na kwetu pwani hapo ndipo kwenye shida kwa sababu pauni nyingi za majumbani zilifanywa vidani, tazama ukingoni utaona palipochomelewa kile kipete cha kupitishia mkufu, halafu sonara kazipiga brashi zing'are harusini. Ni mali na dhahabu yake iko pale pale, ila mkusanyaji wa sarafu hakupi pesa ya ziada.

Mimi nasema nenda na mizani. Hiyo ya Mzee ya shilingi mia ina gramu 7.6, karati 22, yaani sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu, kwa hivo dhahabu tupu ndani ni kama gramu 7. Pauni ni gramu 7.98, upana milimita 22 na unene milimita 1.52. Vipimo hivi muuzaji hawezi kubishana navyo, kwa sababu dhahabu ni nzito mno, ukikata shaba nyeupe ama ya manjano kwa upana na unene ule ule wa pauni haifiki hata gramu 6, kwa hivo feki ya shaba itakuwa nyepesi ama itakuwa nene ama pana zaidi, moja wapo lazima. Sumaku usiitegemee, ikivuta basi kimbia, lakini isipovuta haijathibitisha kitu maana hata shaba haivutwi. Kuna metali ya tungsteni pia, uzito wake unakaribia wa dhahabu, kwa hiyo pesa ikiwa nyingi tafuta sonara mwenye mashine ya kupima hata ndani ya sarafu, si ile inayosoma karati juu juu tu. Wala usimruhusu mtu kuipiga tupa ama kuisugua kwa jiwe la asidi, mkwaruzo ule hautoki tena.

Ukishajua gramu za dhahabu tupu, zidisha na bei ya siku ya gramu moja ya karati 24, ongeza kidogo ukipenda, hapo ndio mwisho wako. Akikataa sarafu isipimwe uzito mbele yako mrudishie, hata awe ni mtu wa mtaani mnayejuana na familia yake.

Sasa ombi langu kwenu. Kila siku mnatuchapishia bei ya dola na pauni, basi tuwekeeni hapo hapo bei ya gramu moja ya dhahabu kwa shilingi, karati 22 na karati 24. Mama anayeuza kidani chake kulipa karo aifungue gazeti aone, na kijana anayenunua aone ile ile, wote wawili waingie dukani wakijua.

Msomaji wenu,
Mji wa Kale, Mombasa