Krismasi ya Shilingi Tano

Ndugu, jamaa na majirani, Heri ya Krismasi!

Pilau ikiwa bado jikoni na watoto wakijaribu nguo mpya, nipeni dakika mbili niwapitishe Boston ya mwaka 1659. Mwaka huo baraza la Massachusetts, koloni la Waingereza huko Amerika, lilipiga Krismasi marufuku. Ukikutwa umeacha kazi au umeandaa karamu kwa ajili ya siku hiyo, faini shilingi tano. Shilingi za Kiingereza za enzi zile, si hizi zetu za kununulia pipi.

Waliotunga sheria hiyo walikuwa Wakristo, tena wa kushika kweli kweli. Hao Wapuriti, Waprotestanti wa Kiingereza wenye msimamo mkali, walisema Biblia haitaji tarehe 25 Desemba popote, na kwamba sikukuu yenyewe imegeuka ulevi na kamari. Kwenye ulevi, tusifichane, walikuwa na hoja.

Miaka 38 kabla ya hapo, huko Plymouth, koloni jirani, Krismasi ya 1621, Gavana William Bradford aliwaita watu kazini kama siku nyingine yoyote. Wageni waliokuwa wamefika karibuni wakamwambia dhamiri zao haziwaruhusu kufanya kazi siku hiyo. Akawaacha. Aliporudi mchana akawakuta barabarani wanacheza, hawa wanarusha gongo, hawa mpira. Akawanyang'anya vifaa vyao, akasema dhamiri yake nayo haimruhusu kuwaona wakicheza huku wenzao wanatoka jasho. Anayetaka kuiadhimisha siku, akasali nyumbani kwake!

Hilo linachekesha. Yaliyofuata hayachekeshi. Watu hao walikuwa wameikimbia Uingereza kwa kubanwa na kanisa la dola, nao wakaja kusimika la kwao. Katika miji mingi ya Massachusetts mlipa kodi alichangia mshahara wa mchungaji, asali kwake asisali. Mchungaji Roger Williams aliyesema serikali haina mamlaka juu ya dhamiri ya mtu alihukumiwa kufukuzwa mwaka 1635. Akatoroka kwenye baridi kali, wenyeji wa nchi wakamhifadhi, na mwaka 1636 akaanzisha mji wa Providence. Mary Dyer hakupata bahati hiyo. Alikuwa Mkweka, akafukuzwa, akarudi, akanyongwa Boston mwaka 1660. Wakweka ndio wale wale wa Kanisa la Marafiki (Friends) tunaowajua Kaimosi, magharibi mwa Kenya.

Virginia, koloni jingine la Waingereza, Krismasi ilikuwa ruksa, kanisa la dola likiwa la Kianglikana. Huko mchungaji alilipwa kwa tumbaku, ratili 16,000 kwa mwaka.

Marufuku ya Krismasi ilifutwa mwaka 1681. Kodi ya kanisa Massachusetts ilidumu hadi 1833, kwa hiyo karamu ilipata uhuru wake mapema kuliko dhamiri.

Basi salamu hizi ziwafikie mnaokwenda ibada ya mkesha, na jirani zetu Waislamu ambao sahani zao tumeshazitenga. Ziwafikie pia wauguzi, walinzi na madereva mtakaokuwa zamu kesho. Bradford angewapenda sana, ila sisi tutawawekea nyama.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya!