Ile soda mliyoipiga X

Mhariri,

Mara ya mwisho kuandika gazetini ilikuwa 2009, nilipolalamikia mtaro wa mtaani kwetu. Mtaro haujazibuliwa mpaka leo, nikaona bora ninyamaze. Lakini ile habari yenu ya Jumanne ya juma lililopita, iliyosema kisukari ni malipo ya ulafi, na ile picha ya chupa ya soda iliyopigwa X nyekundu, imenishinda.

Nina kisukari aina ya kwanza tangu darasa la tano, nikiwa na miaka 11. Soda nyumbani kwetu ilikuwa Idi hadi Idi. Nilikula ugali na dagaa kama watoto wengine wote wa Ngamiani, nikaanza kukonda, kunywa maji kama ng'ombe na kukojoa usiku kucha. Kinga ya mwili ilikuwa imegeuka na kushambulia kongosho, insulini inayoshusha sukari kwenye damu ikakauka. Mwandishi wenu kachanganya madesa: mambo ya unene na ulaji yanahusu zaidi aina ya pili, na hata huko si haki kumwita kila mgonjwa mlafi. Mtu wa kwanza kuchomwa insulini kama tiba, Leonard Thompson, kule Toronto Januari 1922, alikuwa mtoto wa miaka 14 mwenye kilo 30 hivi, mifupa mitupu. Na yeye alikuwa mlafi?

Sasa sikilizeni kilichonipata mwezi uliopita. Mimi ni fundi cherehani, nilikuwa nakwenda Kariakoo kufuata vitambaa. Basi likatoka Tanga saa 12 asubuhi. Konda akang'ang'ania begi langu liende kwenye buti, nikabaki na kipochi cha dawa tu. Pipi zangu zikaenda na begi, na hilo kosa nalikubali ni langu. Akatangaza kwamba chai tutakunywa Segera. Insulini yangu ni ya mchanganyiko, huchomwa kama nusu saa kabla ya kula, kwa hiyo tulipopita Muheza nikapandisha shati nikajichoma tumboni. Ukishachoma, Mhariri, hairudi kwenye chupa. Lazima ule. Segera dereva hakupunguza hata mwendo. "Tumechelewa, chai Chalinze!" Kufika Mkata jasho linanitiririka na kiyoyozi kinapuliza, midomo imekufa ganzi, mikono inacheza. Nikatumia stripu moja ya kupimia sukari (nazihesabu kama vocha), mashine ikasoma 2.6. Kwa kawaida ikishuka chini ya 4 tu unatakiwa utie kitu kitamu kinywani hapo hapo. Jirani yangu akaona damu kidoleni, akahama kiti. Nikajaribu kufunga kipochi, sindano ikaangukia njiani. Konda akaiokota, akainyanyua juu basi zima liione: "Jamani, tumebeba teja!" Nikawa nasema "soda, soda", na ulimi umeshakuwa mzito, wanacheka, eti mlevi anataka ya kuchanganyia. Mmoja akashauri nishushwe porini. Mwingine, na huyu ndiye aliyenikera kuliko wote, akasema kwa sauti ya kujua: "Kama ana sukari msimpe soda, ni sumu, imeandikwa hata magazetini." Hapo nilikuwa nimebakiza kidogo nizimie. Alinyanyuka bibi mmoja aliyekaa nyuma, akachukua soda ya machungwa ya mjukuu wake, ya moto na imeshanywewa nusu, akanishika kidevu. "Kunywa, baba. Sukari imemshuka huyu, marehemu mume wangu alikuwa hivi hivi." Robo saa baadaye nikapima tena: 4.4. Konda alinirudishia sindano bila kuniangalia usoni. Mjukuu alilia mpaka Chalinze.

Na kwa kuwa tumefika Chalinze, hebu niulize: hizi hoteli za mabasi nani anazichagua? Dereva na konda wanakaribishwa mezani kama wakwe, sisi tunauziwa chapati iliyolala kwa bei ya mchele kilo moja, na kabla hujapoza chai honi inapigwa. Dakika kumi! Mzima anaweza kumeza bila kutafuna. Mimi natakiwa nipime, nichome, nisubiri, ndipo nile. Halafu dereva huyo huyo akisimamisha basi kupakia magunia yake ya machungwa, tunakaa nusu saa nzima na hakuna anayesema tumechelewa.

Sitaki mniombe radhi. Nataka picha ile ile irudi, ukurasa ule ule, ukubwa ule ule, bila X. Chini yake muandike kwamba mwenye kisukari akitetemeka na kutoka jasho, na bado anaweza kumeza, apewe soda yenye sukari ya kweli, si ile isiyo na sukari. Akishazimia asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Mwandishi wenu naye apande basi la saa 12 akiwa hajala, begi lake likiwa kwenye buti, aje atuandikie tena habari za ulafi. Na kila konda aweke chupa moja chini ya kiti cha dereva, asiinywe yeye. Ya machungwa, ikiwezekana.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga