Kadi ya pili ihesabiwe kwa kile inachoongeza, sio kwa asilimia ya kwenye tangazo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumzie hizi kadi za mkopo zenye pointi na keshibaki, yaani zinazokurudishia sehemu ndogo ya hela kila unaponunua kitu. Kila siku nasikia watu wanaulizana kadi gani ndo bora, alafu majibu wanayopewa ni majina ya kadi tu, huyu anasema chukua ile ya asilimia 6, yule anasema achana nayo chukua ya maili za ndege, mwingine anasema yeye pochi yake imejaa kadi na zote zinamlipa, na aliyeuliza anaondoka hajui hata aanzie wapi. Mi naona swali lenyewe limekaa vibaya. Kadi bora peke yake haipo, kuna kadi zinazoelewana kwenye pochi moja kwa matumizi yako wewe, na namna ya kuzijua ni hesabu ndogo ya kujumlisha na kutoa tu.

Anza na kadi ya msingi, yaani ile inayorudisha asilimia ile ile kwa kila unachonunua bila kuuliza umenunua wapi, na isiwe na ada ya mwaka. Tuseme inarudisha asilimia 2. Hiyo ndo sakafu yako. Kuanzia hapo kadi yoyote nyingine unayoifikiria usiiulize inalipa ngapi, iulize inaongeza ngapi juu ya sakafu, maana zile asilimia 2 ulikuwa unazipata tayari. Hapa ndo watu wengi wanaingia mkenge. Tangazo linasema kadi hii inarudisha asilimia 6 kwenye supamaketi, mwisho wake matumizi ya 6,000 kwa mwaka, baada ya hapo inashuka hadi asilimia 1, na ada yake ya mwaka ni 100 (weka sarafu yoyote unayotumia, hesabu haibadiliki). Mtu anapiga haraka haraka, 6,000 mara asilimia 6 ni 360, toa ada 100, nimebaki na 260 kwa mwaka, safi sana. Sio safi. Kwenye ile 6,000 kadi ya msingi ingekupa 120 bila ada yoyote, kwa hiyo kadi mpya imeongeza 240, ukitoa ada imebaki 140. Na hiyo ni kwa anayefikisha 6,000. Anayetumia 4,000 supamaketi kwa mwaka nyongeza yake ni 160, toa 100, amebakiwa na 60. Wa 2,500 hajapata kitu kabisa, nyongeza 100 ada 100, amefanya kazi ya bure mwaka mzima. Alafu ukishavuka ule ukomo wa 6,000 kadi inakulipa 1 wakati ya msingi inalipa 2, kwa hiyo kuanzia hapo hadi mwaka uishe unatakiwa uiweke pembeni urudi kwenye ya msingi, na nina hakika wengi hawarudi kwa sababu kichwani wameshaiandika kwamba hii ndo kadi ya supamaketi.

Endelea na kadi ya tatu hivyo hivyo. Imekuja kadi ya mafuta ya gari, asilimia 3, haina ada. Nyongeza yake ni asilimia 1. Kama mafuta yako kwa mwaka ni 1,200, kadi nzima inakuletea 12. Kwa hiyo 12 unaongeza stetimenti nyingine ya kufuatilia, tarehe nyingine ya kulipa, namba nyingine ya siri na mlango mwingine wa wizi, na ukichelewa kulipa mara moja tu faini inameza faida ya mwaka huo na pengine na wa mbele yake. Kwa hiyo mi kwa watu wengi naona kadi mbili zinatosha, tatu kwa mwenye fungu moja kubwa la kipekee kama safari za kikazi anazolipa mwenyewe alafu anarudishiwa. Kuna wenye kadi kumi wanaozimudu na siwakatazi, ila wale wana daftari na wanaipenda hiyo kazi, sio ushauri wa kumpa mtu anayeanza.

Kabla hujachagua toa stetimenti za mwaka mzima uziangalie. Sio mwezi mmoja, mwaka, kwa sababu bima, ada za shule na matengenezo ya gari huwa haviji kila mwezi na ndivyo vinavyobeba hela nyingi. Ukishagawanya utakuta mara nyingi fungu ulilodhani ni kubwa ni dogo, na ile "mengineyo" ndo imekula nusu ya hela zote, na mengineyo hakuna kadi ya asilimia 6 inayoyataka, yanabebwa na ile ya msingi. Ndo maana nasema mtu achague ya msingi kwa umakini kuliko zote japo ndo isiyo na matangazo ya kupendeza.

Jambo lingine ambalo halielezwi, benki haijui umenunua nini. Haioni kwamba ni unga au ni televisheni. Inachoona ni namba ya tarakimu nne ambayo kila duka limepewa kwenye mfumo wa kadi kulingana na aina ya biashara yake, 5411 ni supamaketi na maduka ya vyakula, 5812 ni migahawa, 5541 ni vituo vya mafuta. Ukinunua vyakula vya wiki nzima kwenye duka kubwa linalouza kila kitu, duka hilo linaweza kuwa limeandikishwa kwa namba nyingine kabisa, na pale asilimia 6 haiji, unapewa 1. Ukila kwenye mgahawa wa ndani ya hoteli muamala unaweza kusoma hoteli. Dawa yake ni kununua kitu kidogo kwanza kwenye duka unalolitegemea, kusubiri muamala ukae sawa, alafu kufungua apu ya benki uone umewekwa fungu gani na pointi ngapi zimeingia. Ukishajua duka lako linasomekaje hutahangaika tena.

Kuna pia zile kadi zinazobadilisha mafungu kila miezi mitatu, robo hii mafuta, robo ijayo migahawa, asilimia 5 hadi kiasi fulani, na lazima uingie kwenye apu ubonyeze kukubali, usipobonyeza unapewa 1. Zinafaa kwa mtu makini. Kwa mtu mwenye mambo mengi kichwani zinageuka kuwa kadi ya asilimia 1, bora asizihesabu kwenye mpango wake.

Sasa hizi hela zinatoka wapi, maana ukijua zinapotoka utajua kwa nini ushauri wa nchi moja haufanyi kazi nchi nyingine. Kila ukichanja kadi mwenye duka anakatwa ada, na sehemu kubwa ya ada hiyo inaenda kwa benki iliyokupa kadi. Kwa kadi za mkopo za Marekani hiyo sehemu ya benki mara nyingi inakaribia asilimia 2, na ile sheria yao ya mwaka 2010 iliyobana ada iligusa kadi za debiti tu (zile zinazokata hela moja kwa moja kwenye akaunti yako), za mkopo ikaziacha, ndo maana kule pointi ni nono na ndo huko ofa nyingi tunazozisoma zinatoka. Umoja wa Ulaya wao tangu Desemba 2015 wameweka mwisho asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi, na benki inayopokea 0.3 haiwezi kukurudishia 2 kwa muda mrefu. Australia benki kuu yao ilianza kuzishusha ada hizo mwaka 2003 na benki zikapunguza pointi. Kwa hiyo msomaji akichukua mpango wa kadi wa Mmarekani akaupeleka kama ulivyo kwenye nchi yenye ukomo wa ada ataumia bure, kadi zenyewe hatazikuta, na atakazozikuta za jina linalofanana zitakuwa zinalipa sehemu ndogo tu ya alichosoma.

Chanzo cha pili cha hela ni riba, na hapa ndo roho inaniuma. Marekani riba za kadi nyingi sasa hivi zinazidi asilimia 20 kwa mwaka. Asilimia 20 gawa kwa miezi 12 ni karibu 1.7 kwa mwezi. Yaani ukibakiza deni mwezi mmoja tu, zile asilimia 2 zako zimebaki 0.3, mwezi wa pili uko hasi. Na mbaya zaidi, kwenye kadi nyingi ukishabakiza deni ule muda wa neema, yaani siku za kulipa bila riba, unapotea, kila kitu kipya unachonunua kinaanza kuhesabiwa riba tangu siku uliyochanja, hata kama hicho kipya umepanga kukilipa chote. Kutoa keshi kwenye ATM kwa kadi ya mkopo ni hivyo hivyo, riba tangu siku ya kwanza, ada juu yake, na pointi kwa kawaida hamna. Kwa hiyo mtu mwenye deni la kadi hili somo la kombinesheni, yaani kuunganisha kadi zisaidiane, sio lake kwa sasa, somo lake ni kadi moja yenye riba ya chini na mpango wa kulimaliza, na anayemshauri akusanye pointi anamwonea. Asiye na deni aweke malipo ya moja kwa moja ya salio lote la stetimenti, yaani deni lote la mwezi huo, lote nasema, sio kile kima cha chini ambacho benki inakubali ulipe, alafu ndo aanze kucheza na asilimia.

Kuhusu pointi. Pointi sio hela mpaka uitumie, na thamani yake inategemea unaitumiaje. Programu ile ile inaweza kukupa senti moja kwa pointi ukichukua keshi, nusu senti ukichukua bidhaa kwenye katalogi yao, na senti moja na nusu au zaidi ukiihamishia kwenye shirika la ndege. Kupima ni rahisi, chukua bei ya tiketi kwa hela, toa kodi na ada ambazo utalipa hata ukitumia pointi, kilichobaki gawa kwa pointi wanazotaka. Kama tiketi ni 500, kodi 50, na wanataka pointi 30,000, kila pointi imekupa senti moja na nusu. Ila ujiulize kama ile tiketi ungeinunua kweli kwa 500, maana kama usingeinunua basi thamani hiyo ni ya kwenye karatasi tu. Na usitawanye pointi. Mtu ana 9,000 huku, 9,000 kule na 9,000 kwingine, tiketi inataka 25,000, kwa ujumla anazo 27,000 na hawezi kupanda ndege. Hapa ndo kombinesheni inapokuwa na maana ya kweli, kuna benki ambazo kadi yao isiyo na ada pointi zake peke yake zinaishia kuwa keshi, ila ukiwa na kadi yao nyingine yenye ada pointi zote zinaungana na zinaweza kwenda kwenye ndege na hoteli. Kadi mbili za benki moja zinazosaidiana hivyo mara nyingi zinazidi kadi nne za benki nne. Alafu zitumie, usiziweke kama akiba ya uzeeni, programu zinapandisha idadi ya pointi za tiketi wakati wowote na pointi zilizolala hazizai riba.

Bonasi ya kujiunga ni kubwa kuliko yote ya mwaka wa kwanza, hilo ni kweli, ila ina sharti la kutumia kiasi fulani ndani ya miezi mitatu hivi. Omba kadi pale unapojua una malipo makubwa yanakuja ambayo ungeyalipa tu, bima, ada, tiketi. Ukinunua cha 1,000 usichokihitaji ili upate bonasi ya 200 umepigwa 800. Zile vocha wanazokupa kwenye kadi za ada kubwa pia zihesabu kwa kiasi ambacho ungekilipa hata bila kadi, sio kwa bei iliyoandikwa kwenye brosha. Na kama unasafiri nje angalia ada ya muamala wa sarafu ya kigeni, kadi nyingi zinakata karibu asilimia 3, kwa hiyo kadi ya asilimia 2 ukiwa nje inakugharimu 1. Mwaka wa pili ada inapokuja rudia hesabu upya bila bonasi, na kama haitoshi piga simu uombe kuhamishiwa kadi ya benki hiyo hiyo isiyo na ada, unabaki na historia ya akaunti na hulipi kitu.

Ombi langu kwako Mhariri ni hili. Mkiandika tena kuhusu kadi msipange jedwali kwa asilimia kubwa kwenda ndogo, jedwali la namna hiyo linasaidia benki kuliko msomaji. Wekeni nyongeza juu ya kadi ya msingi, ukomo wake ni kiasi gani, ada, na mtu anatakiwa atumie kiasi gani kwa mwaka ili ada irudi. Hicho cha mwisho ni ada gawa kwa nyongeza tu, ada 100 kwa nyongeza ya asilimia 2 ni 5,000, kinaingia kwenye safu moja nyembamba ya gazeti na msomaji atajijua mwenyewe kama yumo au hayumo.

Msomaji wenu wa kila siku