Mbwa wetu wawekewe namba ya wino mwilini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hapa Uganda bado halijatiliwa maanani, nalo ni kumwekea mbwa au paka alama ya kudumu, yaani namba inayochorwa kwa wino ndani ya ngozi, ili popote atakapoonekana ajulikane ni wa nani. Wengi wakisikia neno tatuu huwaza mapambo ya vijana wa mjini. Mimi nazungumzia kitambulisho.

Nianze na lililonipata. Nilikuwa na mbwa dume wa kahawia, jina lake Simba, aliyelinda nyumba yetu hapa Walukuba, Jinja, kwa miaka mitatu. Usiku mmoja wa mvua lango liliachwa wazi, naye akatoka. Tulimtafuta hadi Masese tusimwone. Baada ya miezi minne nilimkuta amefungwa mnyororo katika ua wa mtu upande wa Mpumudde. Mwenye ua alisema alimnunua kwa fedha zake, na sina sababu ya kudhani kwamba alisema uongo. Tulikwenda mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mzee mwenye busara, akamtaka kila mmoja wetu alete ushahidi. Nilitoa cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kilichoandikwa dume, kahawia, wa kienyeji. Mwenzangu naye akatoa chake, na maneno yalikuwa yale yale. Mbwa alipofunguliwa alinirukia kwa furaha hadi nikayumba, kisha akarudi kumlamba mkono yule aliyekuwa akimlisha. Mwenyekiti hakuwa na la kushika. Simba alibaki Mpumudde, nami nikarudi nyumbani na karatasi yangu.

Tangu siku hiyo naitazama karatasi ile kwa jicho jingine. Cheti kinathibitisha kwamba mbwa fulani alichanjwa, lakini hakithibitishi kwamba mbwa aliye mbele yetu ndiye huyo. Mtu akipenda anaweza kukitumia kwa mbwa wa pili na wa tatu, almradi rangi zilingane, na hakuna afisa atakayemkamata. Madhara yake hayaishii kwenye ugomvi wa majirani. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu huua karibu kila mara, na duniani kote takriban asilimia 99 ya watu wanaokipata huambukizwa na mbwa. Mtoto akiumwa na mbwa njiani, la kwanza ni kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na kumpeleka kituo cha afya bila kusubiri. Linalofuata ni kumjua mbwa huyo, kuuliza kama alichanjwa, na ikiwa anaonekana mzima kumweka chini ya uangalizi kwa siku 10. Sasa cheti kilichofungiwa kabatini kitamsaidia nini mtoto huyo, ikiwa hakuna awezaye kukihusisha na mbwa aliyemuuma?

Njia za kuweka alama hii ni mbili. Ya kwanza ni koleo lenye sindano ndogo zilizopangwa kwa umbo la herufi na tarakimu, ambalo hubanwa mara moja upande wa ndani wa sikio, kisha wino husuguliwa juu ya vitundu vile mpaka uingie. Ya pili ni kalamu ya umeme yenye sindano, ambayo daktari wa mifugo huitumia kuandika namba polepole, aghalabu kwenye paja kwa ndani, mahali penye nywele chache. Wino mweusi ndio uliozoeleka, ila kwa mnyama mwenye ngozi nyeusi wengine huchagua wa kijani kwa sababu husomeka vizuri zaidi. Kazi hii inauma, na sitaki kulificha hilo, kwa kuwa ninayemtetea ni mnyama yule yule anayechomwa sindano. Ndiyo maana ninaona wakati ufaao kuliko yote ni pale mbwa anapohasiwa au kufungwa kizazi, maana tayari amelazwa kwa nusukaputi na namba humchukua daktari dakika chache tu. Atakapoamka hatakuwa na kumbukumbu ya sindano hata moja.

Kuhusu mahali pa kuweka alama, mimi nasimama upande wa paja. Sikio husomeka kwa urahisi, ni kweli, lakini sikio hukatika. Huko Ireland na Uingereza, ambako mbwa wa mbio huwekewa tatuu masikioni, wamewahi kuokotwa mbwa waliotupwa wakiwa wamekatwa masikio ili aliyewatupa asijulikane. Nililiposoma jambo hilo lilinisumbua kwa siku kadhaa. Paja haliondolewi kwa kisu namna hiyo. Kasoro yake ni kwamba nywele huota zikaifunika namba, hivyo hulazimu kunyoa kidogo kabla ya kusoma. Tena wino hufifia kadiri miaka inavyopita, na alama aliyowekewa mbwa mchanga hutanuka anapokua, kwa hiyo ni vyema kungoja akomae.

Najua wapo watakaosema kwamba dunia imekwisha kuhamia kwenye maikrochipu, na wana hoja. Kifaa hicho, kidogo kama punje ya mchele, huingizwa kwa sindano chini ya ngozi ya mabega na hubeba namba ya tarakimu 15 isiyofifia. England imewalazimisha wenye mbwa kukiweka tangu mwaka 2016. Umoja wa Ulaya, kwa mnyama anayevuka mipaka, huikubali tatuu ikiwa tu inasomeka wazi na iliwekwa kabla ya tarehe 3 Julai 2011. Anayetaka kusafiri na mbwa wake kwenda Ulaya basi hana budi kuweka maikrochipu, na Kampala wapo madaktari wanaoifanya kazi hiyo. Lakini maikrochipu haina betri wala sauti. Hunyamaza mpaka isogezewe mashine ya kuisoma. Mwenyekiti wetu wa LC1 hana mashine hiyo. Kituo kidogo cha polisi hakina, wala muuza samaki wa Masese anayemwona mbwa mgeni akizurura gatini. Macho wanayo wote. Ufaransa yenyewe, nchi tajiri kutuzidi kwa mbali, imeweka sheria ya kila mbwa kuwa na utambulisho, na paka waliozaliwa baada ya tarehe 1 Januari 2012 pia, na bado inamwachia mwenye mnyama achague tatuu au maikrochipu.

Wala jambo hili si geni kwetu kama linavyoweza kusikika. Wafugaji wa Ankole wanajua chapa ni nini, na Karamoja, ambako wizi wa ng'ombe umegharimu maisha ya watu wengi, chapa imetumika kuwatambua ng'ombe walioporwa. Sheria ya kupiga chapa mifugo imekuwamo katika vitabu vya sheria za Uganda kwa miaka mingi. Mbwa anayelala nje ili sisi tulale ndani salama ameachwa bila alama yoyote isipokuwa ukanda wa shingoni, ambao mwizi huufungua kwa mkono mmoja.

Hata hivyo, Ndugu Mhariri, namba peke yake ni wino tu. Mbwa akiokotwa Iganga akiwa na herufi na tarakimu pajani, aliyemwokota atapiga simu wapi? Hapa ndipo ninapoona upungufu wetu mkubwa. Naomba kila afisa wa mifugo wa wilaya awe na daftari moja, lenye namba ya mnyama, jina la mwenyewe, kijiji chake, simu yake na tarehe za chanjo, na nakala ya ukurasa husika ipelekwe kwa mwenyekiti wa LC1. Namba ianze kwa herufi za wilaya, ili anayeisoma ajue pa kuanzia. Namba hiyo hiyo iandikwe juu ya cheti cha chanjo badala ya zile rangi zisizotofautisha mbwa na mbwa. Kazi inaweza kuanza siku za kampeni za chanjo, zikiwemo zile zinazofanywa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa kuwaandikisha wenye mbwa na kuwapangia siku ya kuwaleta kuhasiwa na kuwekewa namba kwa pamoja. Gharama itakuwapo, na ningependa kuona kaunti ndogo na wenye mbwa wakigawana, kwa kuwa faida ni ya wote. Wizara ya Kilimo, Ufugaji na Uvuvi nayo iseme wazi ni nani anaruhusiwa kuishika kalamu hiyo, wasije wakazuka watu wa mitaani wanaowachora wanyama kwa sindano chafu. Wala mnyama asichorwe kwa sababu ya urembo. Jimbo la New York lilipiga marufuku jambo hilo mwaka 2014, likabakiza ruhusa ya alama za utambulisho, na nadhani walipambanua vyema.

Sasa ninaye mbwa mwingine, jike mwenye umri wa miezi saba, ambaye mwezi ujao atafungwa kizazi. Nilimwomba daktari amwandikie namba pajani wakati akiwa amelala. Alikubali bila kusita, akasema kalamu anayo na wino anao, kisha akaniuliza namba hiyo itaandikwa katika daftari la nani. Sikuwa na jibu la kumpa, na ndiyo sababu nimekuandikia.

Wako mtiifu,
Msomaji wa Walukuba, Jinja