Barua kwa shoga yangu: ile hoteli ya Posta

Ipagala, Dodoma

Shoga yangu mpendwa,

Habari za Kondoa, wazee hawajambo, watoto wanasoma? Sisi huku wazima kabisa, pacha wamepona vikohozi ila vumbi la Dodoma ndo limeanza tena kwa hiyo sijui watakaa hivyo mpaka lini. Nimeona bora nikuandikie maana juzi kwenye simu ulikuwa unakatika katika, alafu swali lako siyo la kujibu kwa dakika mbili. Umeniuliza ile hoteli tuliyofikia Dar ikoje na kama kuna maana ya kulipa hela yote ile wakati Kariakoo lodge zimejaa za bei ya kawaida, na wewe safari yako ni ya kwenda na baba mkwe kwenye mahafali ya shemeji. Mimi nakwambia ina maana, tena kwako wewe ina maana kuliko hata kwangu, ila sababu yake siyo hizo taa na marumaru wanazopiga picha.

Wewe unajua safari yetu ilianzaje. Mama mkubwa wa Kigamboni aliugua, nyumba yake ikajaa watu wa kuuguza mpaka wengine wanalala koridoni, na mama akawa hasikii la mtu, anataka akamwone dada yake. Baba Pacha akapata likizo, akasema twende wote. Sasa hapo ndo kazi ilipo. Mama yangu ni mtu wa Mvumi, wa kale, mpaka leo mkwe wake akiingia sebuleni yeye anavuta kanga vizuri na sauti inashuka, na Baba Pacha naye hivyo hivyo, mama akiwa mezani yeye anakumbuka ana kitu cha kufanya nje. Siyo kwamba hawapendani, wanapendana sana, ndo heshima yenyewe hiyo. Watu wa namna hiyo utawaweka wapi kwenye lodge? Ukichukua vyumba viwili, kimoja kiko ghorofa ya pili kingine ya nne, na mama anaamka usiku, macho yake siku hizi siyo mazuri, nimwache peke yake kwenye nyumba ya watu asiyojua hata swichi iko wapi? Ukichukua kimoja ndo kabisa, hilo hata halisemeki.

Ndo Baba Pacha akasema tutafute hoteli za swiiti, zile ambazo hakuna chumba kimoja kimoja, kila mgeni anapewa sebule yake na chumba chake cha kulala ndani ya mlango mmoja. Yeye si unajua kazi yake ni kuchora ramani za majengo, basi njia nzima kwenye treni alikuwa ananipa historia yake. Ati Marekani hoteli za hivi zilishika kasi miaka ya 1980, kampuni kama Embassy Suites wakasambaza mtindo wa vyumba viwili pamoja na chai ya asubuhi unayopikiwa ukiwa umesimama hapo hapo, na nyingi zikajengwa zikiwa wazi katikati, ukisimama mapokezi ukiangalia juu unaona mpaka paa, koridoni za ghorofa zote zinazunguka kama roshani. Huo uwazi wa katikati akasema aliyeupa umaarufu ni msanifu John Portman, hoteli ya Hyatt Regency kule Atlanta, mwaka 1967, ghorofa 22. Nilikuwa namsikiliza tu, lakini tulipofika pale Posta nikakuta na hii wameijenga hivyo hivyo, wazi katikati, na lifti ya kioo. Pacha wakapiga kelele za furaha mpaka walinzi wakacheka. Mimi nilichoangalia ni zile reli za koridoni, nikaomba ghorofa ya chini chini, na wewe ukiwa na wale wako wanaopanda kila kitu omba hivyo hivyo wala usione haya.

Sasa nikueleze chumba chenyewe maana hapo ndo pana maneno.

Ukifungua mlango mkubwa unaingia sebuleni, kuna kochi ambalo ukivuta chini linafunguka linakuwa kitanda kabisa, siyo cha kubana, watu wazima wawili wanalala. Pembeni kuna sehemu ndogo ya kupikia, jiko la umeme la pleti mbili, friji ndogo, maikrowevu, birika, sinki, sufuria, sahani na vikombe vya watu wanne. Alafu kuna mlango mwingine, mbao nzito, una komeo lake, huo unaingia chumba cha kulala, vitanda viwili, na bafu lake humo humo ndani. Na hapa nisikilize vizuri shoga. Pale karibu na mlango wa kuingilia, upande wa sebuleni, kulikuwa na choo kingine kidogo na sinki ya kunawia. Hicho choo ndo kilichotulipia hela yetu yote. Kwa sababu hoteli nyingine tuliyoiulizia kabla, bei ilikuwa nafuu, sebule nzuri, kila kitu kipo, lakini choo ni kimoja tu na njia yake inapita chumbani. Yaani Baba Pacha akibanwa saa tisa usiku apite katikati ya mama mkwe wake aliyelala! Asingepita. Angeshuka mpaka chini mapokezi, namjua, au asingekunywa maji siku nzima. Picha za mtandaoni hazionyeshi kitu hicho, wanakuonyesha mito na pazia. Piga simu uliza kwa mdomo: choo viko vingapi, na mlango wa choo unafungukia wapi.

Basi mama akalala chumbani na pacha, akafunga komeo lake, sisi sebuleni. Asubuhi ya kwanza nikamkuta ameshaoga, amevaa, amekaa kitandani mlango umefungwa anasubiri nimwambie kama sebule imekaa sawa. Nikarudisha kochi, Baba Pacha akatangulia kushuka kunywa chai, ndo mama akatoka. Akazunguka, akagusa jiko, akafungua friji, akaniambia, "Hapa naweza kukaa na mkwe wangu." Mimi machozi yalinilenga, maana safari zote za nyuma mama alikuwa anakataa, anasema ninyi nendeni mimi nina kuku, nina kibustani, kumbe lililokuwa linamzuia ni hilo, mtu mzima hawezi kukwambia waziwazi kwamba sina pa kujistiri.

Alafu kuna siku ya mlenda, hii lazima nikueleze. Mama mkubwa alikuwa hali, chakula hakipiti, akasema roho yake inataka mlenda wa nyumbani. Mama kumbe alishajiandaa toka Mvumi, kapu lake lile lina mlenda mkavu wa kusaga, karanga, magadi amefunga kwenye kipande cha kanga, na upekecho wake. Nikasita kidogo nikampigia kaka wa mapokezi nimuulize kama kupika vitu vya nyumbani inaruhusiwa, akasema mama jiko ni lenu, pikeni, washeni tu ile feni ya juu ya jiko. Mama akainjika maji, magadi kidogo, nyanya, akamwaga mlenda taratibu huku anaupekecha kwa viganja vyote viwili kama yuko kwake, karanga zikafuata, dirishani kwake unaona meli zinaingia bandarini na yeye hana habari nazo, macho yote kwenye sufuria. Tukautia kwenye hotpoti, ugali wa uwele kwenye nyingine. Kutoka pale mpaka Feri ni karibu, tukapanda pantoni ya Kigamboni, kila mtu shilingi 200. Daraja la Nyerere lipo toka 2016 na kwa gari unazunguka vizuri tu lakini mama alitaka pantoni, alishika hotpoti mapajani mpaka ng'ambo. Mama mkubwa alikula, shoga. Alikula akaomba tena. Sasa niambie, chumba cha lodge chenye kitanda na televisheni kingenipa hicho?

Mengine ni madogo ila yajue. AC ziko mbili, ya sebuleni na ya chumbani, kila moja na rimoti yake, na hii ni kubwa kwa watu wetu wa Dodoma maana Dar joto linakushika lakini mzee ukimwashia AC usiku kucha anaamka na kifua. Mama alizima yake akafungua dirisha, sisi tukawasha yetu, hakuna ugomvi. Kadi ya mlango unaichomeka ukutani ndo umeme unawaka, ukitoka nayo taa na AC vinazimika, kwa hiyo omba kadi mbili toka mwanzo ili mkitoka mzee abaki na yake, usimwache gizani. Chai ya asubuhi imo kwenye bei, kuna kijana anakukaangia mayai unavyotaka, kuna maandazi, uji, viazi, matunda, ila uliza watoto wanahesabiwaje maana sera zinatofautiana. Kuingia ni saa nane mchana, lakini tulifika mapema wakatutunzia mizigo na mama wakamkalisha sehemu nzuri wakamletea maji, hilo nililipenda. Watachukua dhamana kidogo ukifika, wanakurudishia ukitoka, kwa hiyo usimalize hela yote njiani. Na bei wakikutajia waulize kama kodi ya VAT imo au inakuja juu yake. Wakikutajia dola wakatalie, toka kanuni za mwaka 2025 bei za hapa nchini zinatakiwa kuwa za shilingi.

Hesabu yenyewe ifanye hivi: usilinganishe bei ya swiiti na bei ya chumba kimoja cha lodge, linganisha na vyumba viwili, alafu ongeza chai ya watu wote, ongeza chakula cha mchana na usiku ambacho mngenunua nje kwa sababu hamna pa kupikia. Sisi tulipoweka hivyo tofauti ilipungua sana, haikuisha, sitakudanganya, bado ni hela. Lakini kwa baba mkwe wako, mzee wa heshima zake, ambaye ninyi ndo mmemwalika, mimi naona ni afadhali mkae siku chache kwenye sehemu ya kustirika kuliko wiki nzima mnakwepana koridoni.

Na kuna kitu kinaniuma kuhusu hapa kwetu. Dodoma ni makao makuu toka uamuzi wa mwaka 1973, ni jiji toka 2018, wizara ziko Mtumba, treni imefika, lakini ukiangalia nyumba za wageni nyingi zimejengwa kwa ajili ya afisa mmoja na begi lake. Likianza Bunge la bajeti vyumba vinakuwa shida na bei zinapanda, na familia inayokuja hospitali ya Benjamin Mkapa na mgonjwa wao inajibana vyumba viwili vya kona tofauti, mwenye kumpikia mgonjwa uji hana hata pa kuchemshia maji. Baba Pacha namwambia kila siku, ninyi mnaochora, chora sebule na mlango na choo cha pili. Anasema wenye majengo wanataka vyumba vingi. Mimi sitachoka kumwambia, maana nimemwona mama yangu alivyokaa kwa amani pale Posta, na familia za namna yetu ziko nyingi huku kuliko maafisa wa begi moja.

Jumapili mama alisali Mtakatifu Albano, pale pale Posta, tulimsindikiza kwa miguu taratibu. Alifurahi kuikuta ibada ya Kianglikana karibu hivyo.

Safari yenu fanyeni hivi. Tokeni Kondoa na basi la asubuhi, mlale kwangu, mzee atalala chumba cha nje kile chenye choo chake. Kesho yake mnashika treni ya SGR pale stesheni ya Mkonze, ile ya haraka inatumia masaa matatu na kitu mpaka Dar, mzee hatachoka kama kwenye basi. Tiketi kateni mapema na kila mtu awe na kitambulisho chake. Mkishuka stesheni Dar, Posta iko karibu, msikubali dereva awazungushe.

Tarehe ya mahafali ikishatoka nitumie ujumbe siku hiyo hiyo, nitampigia yule kaka wa mapokezi nimwulizie swiiti ya ghorofa za chini yenye choo viwili, maana siyo zote pale zina hicho cha pili na zinawahi kuchukuliwa. Na mlenda kama mtataka wa kubeba sema mapema, mama anakausha mwingine sasa hivi.

Nisalimie shemeji, na mzee mpe shikamoo yangu.

Wako,
Mama Pacha