Shukrani kwa boda wa Kyaliwajjala

Jamani anayemjua yule kaka wa boda pale Kyaliwajjala, Uganda, koti la kijani limechanika begani, amfikishie asante yangu. Mi nilitaka kumpeleka bimkubwa Namugongo, kule walikouawa Mashahidi wa Uganda kwa ajili ya imani yao, tarehe 3 Juni yenyewe, sikukuu yao, jamaa akacheka akaniambia ssebo (yaani bwana), siku hiyo hata pa kukanyaga hupati, watu wanakuja kwa miguu toka Kenya na Tanzania, mlete mama katikati ya wiki asubuhi. Basi tukaenda Jumanne saa mbili, mama akazihesabu zile nguzo 22 za kanisa kwa kidole, akarudia tena (mama huyu haamini mtu!), halafu kule makumbusho ya Waanglikana akasimama kimyaa mbele ya sanamu za mashahidi waliofungwa kwenye matete, hakuna wa kumsukuma. Na kurudi kaka ukakataa nauli, eti ya mama bure.