YAH: Malalamiko kuhusu pweza "wa leo asubuhi", jodari aliyempeleka mjomba kituo cha afya, na bili ya dola

Habari meneja,

Samahani naandika kwa Kiswahili, menyu yenu ina Kiingereza na Kitaliano tu mpaka nikajiuliza kama Kiswahili kinasomwa hapo kwenu, ila nimeambiwa wewe ni mtu wa hapa hapa Unguja kwahiyo tutaelewana. Mi ndo yule dada wa meza ya pembeni chini ya mnazi, Jumamosi iliyopita mchana. Tulikuwa sita, mama yangu mtu mzima kavaa buibui, mjomba mwenye kofia, wifi yangu na watoto wawili. Nadhani utatukumbuka maana tuliondoka kwa mbio mbio huku mjomba kashikiliwa mabegani.

Niseme tu ukweli sikuja na roho mbaya, nilikuja na hamu. Mgahawa mpya Jambiani, ufukweni kabisa, picha zenu za Instagram zinavutia, na mama yangu kazaliwa Jambiani hapo hapo, kaolewa Dar mwaka 1974. Kila akirudi kusalimia ndugu zake anaishia jikoni kwa dada yake anakuna nazi, anarudi Dar kachoka kuliko alivyokuja, sasa nikasema safari hii hapana, safari hii anakaa kwenye kiti, anahudumiwa na yeye, anaangalia bahari yake kama hao wageni wanavyoiangalia. Nilidunduliza hela miezi mitatu kwa ajili ya hiyo siku, sikwambii ili unionee huruma, nakwambia ili ujue sikuja kutafuta ugomvi.

Tumefika saa saba kasoro, kijana wenu akamjia mama mbio na tabasamu, "Jambo jambo mama, karibu sana, hakuna matata!" Mama akageuka nyuma akaangalia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ananisalimu mimi au kuna mzungu nyuma yangu?" Tukacheka tukapita. Ila jamani, mtu wa umri ule, na buibui lake, kwao, anasalimiwa jambo? Shikamoo haina gharama, na kwa bili mliyotuletea mwishoni ingekuwa ndo kitu pekee tulichopata bure.

Hayo ni madogo. Kilichonifanya niandike ni pweza na jodari.

Kwenye menyu yenu mmeandika, na kijana akarudia kwa mdomo wake, kwamba pweza ni wa leo asubuhi, kaokotwa na akina mama wa kijiji mwambani hapo mbele. Maneno matamu kweli. Mama hakujibu, akageuka akaangalia bahari. Maji yalikuwa bado yapo juu, yamefunika mashamba ya mwani yote, hata vijiti havionekani. Akamuuliza mjomba, "Leo mwezi ngapi?" Mjomba akasema nane, yaani siku ya nane toka mwezi uandame. Mama akasema "Maji mafu haya," akafunga menyu akaiweka mezani, akakaa kimya.

Meneja, wewe ni mtu wa pwani hili unalijua, ila acha niliandike kwa ajili ya huyo aliyetunga menyu. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu ndo kunakuwa na bamvua, maji yanakauka asubuhi mpaka mbali kule, na hapo ndo wanawake wanatoka na michokoo yao kutembea mwambani kuchokoa pweza, mama kaifanya hiyo kazi toka ana miaka saba. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai sana na hayapwi sana, na kwa huku kwetu siku kama hizo asubuhi maji ndo yamejaa, yanakuja kupwa jioni na hata hapo hayaendi mbali. Sasa hao akina mama wenu asubuhi ile wameokota saa ngapi? Au wameota matamvua? Najua wapo wazamiaji wenye miwani na mikuki, hao wanaweza kupata pweza siku yoyote, ila menyu haijasema wazamiaji, imesema akina mama, wanatembea, asubuhi, mpaka mmeweka na picha ya bibi mmoja kabeba ndoo. (Mjomba anasema anamfahamu yule bibi na hajaenda mwambani miaka mingi, magoti yanamsumbua, ila hilo sitaki kuliingilia.)

Nikamuita kijana nikamuuliza taratibu kabisa, huyu pweza kweli wa leo? Akaangalia huku na huku akasema, "Dada, sisi tunaambiwa tuseme hivyo." Naomba sana, SANA, usimfukuze kwa hili. Kasema ukweli, na ukimfukuza utakuwa umefukuza mtu mmoja mkweli niliyekutana naye hapo.

Kinachoniuma zaidi, pweza alikuwa mtamu. Laini, nazi imekolea vizuri, mama alimaliza sahani. Akaniambia huyu katoka friza na wala friza sio dhambi, baridi inamlainisha pweza hata usimpige sana, dada yake mwenyewe anajaza pweza kwenye friji yake siku za bamvua anakula mpaka bamvua linalofuata. Sasa mlikuwa mnadanganya nini? Mngeandika "pweza wa Jambiani" mkaishia hapo mama angekula akafurahi. Badala yake kakaa mchana mzima anaangalia kila sahani inayoletwa kama askari wa bandarini, na mimi niliyetaka apumzike nikabaki kujichekesha chekesha.

Tuje kwa jodari. Mjomba kaagiza jodari wa kuchoma, naye akaambiwa katoka baharini asubuhi. Mjomba ni mvuvi mstaafu, kala jodari maisha yake yote, hana aleji ya samaki wala ya kitu kingine labda ya kazi za nyumbani. Alipokula tonge la pili la tatu akasema mbona huyu anawasha kama pilipili. Tukaonja mchuzi wa ukwaju wa pembeni, hauna pilipili. Mama akasema "Hebu muache huyo," mjomba na ubishi wake akasema samaki hatupwi akaendelea. Haikupita nusu saa, uso ukamuiva mwekundu mpaka masikioni, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, kifuani vimetoka vipele vya kuwasha, anasema anasikia joto kama kakalia jiko. Hapo ndo tukakimbia naye kituo cha afya, na kabla hatujafika kwenye gari kijana wenu mwingine akatukimbilia na bili. Sio glasi ya maji, bili. Nikalipa nimesimama, mjomba kaegemea mlango wa gari.

Daktari alimsikiliza akauliza swali moja tu, "Kala jodari?" Akasema hii anaiona. Alivyotueleza ni kwamba jodari, na vibua pia wako hivyo, akikaa nje ya barafu juani bakteria wanatengeneza kitu kinaitwa histamini ndani ya nyama, na ikishaingia haitoki, umchome, umkaange, umrudishe kwenye barafu, bado ipo, na samaki anaweza asinuke kabisa. Dalili yake moja ni hiyo hiyo mdomo kuwasha kama pilipili. Akapigwa sindano ya mzio, tukakaa pale mpaka saa kumi na moja, jioni akawa anaongea tena, usiku anatania watu. Alhamdulillah. Lakini ana miaka sabini na kitu na presha anayo, na watoto wangu walikuwa wameomba wamuonje huyo jodari, ni bahati tu walipendelea ngisi (ambaye alikuwa mgumu kama ndala, ila ndala haimlazi mtu).

Sijui jodari wenu kalala wapi. Inawezekana kakaa mchangani pale diko, wanaposhusha samaki, toka mnada ulipoisha mpaka bodaboda ikapatikana, inawezekana ni friji, maana tulipokuwa tumekaa umeme ulikata mara mbili na jenereta ikachukua muda kuwaka, na nyinyi ndo mnajua mara ngapi kwa siku inatokea hivyo. Mi nataka mkae mlichunguze hilo. Pweza wa friza kuitwa wa asubuhi ni uongo wa kuudhi tu, lakini jodari wa juzi akiitwa wa asubuhi mtu anaamini anakula, na mjomba aliendelea kula KWA SABABU aliambiwa ni wa asubuhi. Kaniambia mwenyewe, angejua ni wa juzi asingegusa la tatu.

Bili sasa. Menyu ina bei kwa dola tu. Mwaka 2025 serikali ilitoa kanuni za kuzuia bei za bidhaa na huduma za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni, sasa sijui menyu yenu ilichapishwa lini ila mgahawa ni mpya na rangi ya ukutani bado inanuka. Mkanibadilishia kwa 2,800, na siku ile hakuna bureau iliyokuwa inauza dola kwa bei hiyo, nimeuliza mbili.

Alafu kamba kochi. Imeandikwa dola 9, nikasema mbona rahisi hivi, labda ofa ya ufunguzi, wacha mama ale kamba kochi siku moja bila kumbandua yeye. Kumbe chini yake, kwa herufi za kutafutia darubini, "kwa gramu 100". Hakuna aliyeniletea nimuone, hakuna aliyempima mbele yangu, nimekuja kukuta kwenye bili gramu 900, dola 81. Kamba mmoja! Jumla ikawa dola 164, mkaongeza asilimia 10 ya huduma (huduma ipi, ile ya jambo jambo?) ikafika dola 180.4, kwa hesabu yenu ni shilingi 505,120. Nimepewa karatasi ya mkono imekatwa kwenye daftari, risiti ya ZRA, ya mamlaka ya mapato Zanzibar, nilipoomba nikaambiwa mashine ina shida ya mtandao. Mtandao huo huo nilioutumia kuwalipa kwa simu dakika hiyo hiyo.

Kwahiyo naomba yafuatayo na naomba nijibiwe, sio "asante kwa maoni yako".

Hela ya jodari irudi, pamoja na ya kituo cha afya na gari ya kwenda na kurudi, jumla yake shilingi 62,000 ukiacha jodari, karatasi zote ninazo nimepiga picha. Kuhusu kamba kochi sidai yote, tumemla na alikuwa mzuri, nadai tofauti ya hiyo rate yenu ya 2,800 kwa bili nzima, na kuanzia sasa mteja aoneshwe kamba wake kwenye mzani kabla hajaingia jikoni. Risiti halali nitumieni hata kama imechelewa. Na mtu wenu yeyote, mpishi au mnunuzi, akamuone mjomba nyumbani. Sio kwa hela, kwenda kumpa pole tu. Wiki nzima imepita mgahawa uko hatua mia mbili kutoka kwake na hakuna aliyekuja hata kumuuliza umeamkaje, kwetu hapo hilo ni kubwa kuliko hiyo laki tano.

Mama yeye hadai kitu. Nilipomuuliza niandike nini kwa upande wake kasema "Waambie wamtoe yule bibi kwenye picha au wamlipe."

Nimewapa siku saba kabla sijaenda mbele na hizi karatasi. Namba ya kurudishia hela mnayo, ni ile ile niliyolipia.

Mteja wenu wa meza ya mnazini

NB: Wali wa nazi ulikuwa umepikwa vizuri sana, mama kasema nimfikishie mpishi salamu, na aongeze chumvi kidogo kwenye tui la kwanza.